Uyoga Ulituponza

Akina mama wenzetu, tulikuwa wanne. Alfajiri moja ya Januari tuliondoka kijijini kwetu, upande wa Mlele, tukapanda vilimani kutafuta uyoga. Uyoga wa miyombo hauoteshwi bustanini. Huishi kwa kushikana na mizizi ya miti, basi mvua zikikolea sisi ndio tunaoufuata.

Kila tulipochuma tuliona mwingine mbele kidogo, mpaka njia ikatupotea. Wingu likafunika jua. Majani yalitufika kiunoni, khanga zimelowa chapachapa. Mwenzetu mmoja alikuwa ameacha mtoto wa miezi minne. Maziwa yakimchuruzika, naye hakusema neno. Sisi wengine tulikuwa tukilaumiana, aibu hata kuandika.

Ndipo mkubwa wetu alipoona mzinga wa gome juu ya mti. "Mzinga una mwenyewe," akasema, "na mwenyewe ana njia yake." Tukauzunguka mti ule hadi tukaona majani yaliyokanyagwa.

Tulifika jioni. Mtoto alikuwa mgongoni kwa bibi yake, amechoka kulia. Mama yake alimpokea kapu likiwa bado kichwani, tukamtua sisi.