Barua Iliyochelewa kwa Saa Tano

Katika ukurasa huu nimeandika mara nyingi kuhusu makosa ya wenye mamlaka. Leo naandika kuhusu kosa langu mwenyewe, kwa sababu nami, katika ofisi yangu yenye viti viwili na feni inayolalamika, ni mwenye mamlaka. Mhadhiri anayeombwa barua ya mapendekezo ameshika ufunguo wa mlango ambao mwombaji hawezi kuufungua peke yake. Nilikuwa nao mfukoni, nikausahau.

Ilikuwa mwezi Oktoba 2022. Binti mmoja niliyekuwa nimemsimamia utafiti wake wa shahada ya kwanza alibisha hodi, akanisalimu shikamoo, akasubiri aambiwe aketi ndipo akaketi. Alikuwa anaomba ufadhili wa shahada ya uzamili nchini Uingereza, katika fani ya usalama wa mtandao, na alihitaji wadhamini wawili wa kitaaluma.

“Hakuna shida, binti yangu,” nikamwambia. “Iandike mwenyewe hiyo barua, uniletee niipitie, nitatia saini.”

Wanaofanya kazi vyuoni wanajua kwamba sikusema jambo geni. Mhadhiri mwenye madarasa ya mamia ya wanafunzi, rundo la karatasi za kusahihisha na vikao visivyokwisha hujipa ruhusa hii na kuiita msaada. Mwanafunzi hujisifu kwa kalamu yake, nasi huziazima sifa hizo saini yetu.

“Mwalimu, safari hii si barua ya karatasi,” akanijibu. “Mfumo wao utakutumia kiungo kwenye barua pepe yako ya chuo. Wewe ndiye utakayeijaza na kuipakia.”

Nilikuwa najiandaa kwa safari ya Dodoma. Nikachukua kipande cha karatasi, nikaandika anwani yangu na nywila yangu, nikakisogeza mbele yake juu ya meza. “Basi kiungo kikija, ingia mwenyewe, pakia, kisha utoke.”

Hakukigusa. Alikitazama kama mtu anavyotazama fedha zilizodondoka barabarani mbele ya watu. “Mwalimu, nisamehe sana. Siwezi kukichukua.”

Nilidhani anaona haya, nikamsisitiza. Ndipo akaniambia, kwa sauti ya chini, kwamba amejiandikisha kwa mtihani wa cheti cha awali cha usalama wa mtandao, na kwamba miongoni mwa mambo ya mwanzo aliyosoma ni kuwa mtu hatumii utambulisho wa mtu mwingine hata akiruhusiwa. “Nikiingia kwa jina lako, nitakachofanya humo kitahesabika umekifanya wewe. Na kama mwezi ujao mtihani utavuja kutoka kwenye barua pepe hiyo, utanitetea vipi, Mwalimu? Nami nitajitetea vipi?”

Sikuwa na jibu. Humo ndani kulikuwa na rasimu za mitihani ya kozi tatu. Nikakikunja kile kipande, nikakirudisha mfukoni, na nakiri kwamba niliumia kidogo, kama anavyoumia mkubwa anayekosolewa kwa adabu. Nikamwahidi kuwa nitaijaza mwenyewe.

Dirisha la maombi lilikuwa linafungwa Jumanne moja ya mwezi Novemba, saa sita. Neno hilo, saa sita, ndilo lililobaki kichwani mwangu, na katika lugha yetu saa sita ni mbili: ya mchana na ya usiku. Nikachagua ile iliyonifaa. Tangazo lilisema saa sita mchana kwa saa za Uingereza, yaani saa tisa alasiri kwetu. Binti huyo alikuwa amenitumia ujumbe wa simu siku mbili kabla, akataja saa tisa alasiri bila kuzunguka. Ujumbe wake ulizama chini ya makundi yangu ya harusi, ya ukoo na ya wafanyakazi. Nilifungua kompyuta saa mbili usiku, nikiwa nimeshiba na nimetulia, nikijiona mtu wa kutimiza ahadi. Mfumo ulikuwa umefungwa tangu saa tano zilizopita.

Kesho yake alikuja ofisini. Hakulia wala hakulaumu. Alisema, “Mwalimu, dirisha litafunguliwa tena mwakani.” Ningependa angenikasirikia.

Tuseme wazi mwaka mmoja una thamani gani, kwa sababu sisi tunaopokea mshahara kila mwezi hulisahau jambo hilo. Kwa kijana ambaye wazazi wake ni wakulima, maombi ya ufadhili si kujaza fomu tu. Ni shilingi 150,000 za pasipoti. Ni ada ya mtihani wa Kiingereza. Ni nauli za kufuatilia transkripti ya matokeo. Ni hati ya kiapo mbele ya wakili, kwa kuwa cheti cha kidato cha nne kina majina mawili, kitambulisho cha NIDA kina matatu, na cheti cha kuzaliwa kimeandika la tatu kwa herufi tofauti. Mengine kati ya hayo hupitwa na wakati, na mwakani huanza upya. Mtoto wa mkubwa akikosa dirisha moja, baba yake ana jingine. Huyu alikuwa na hilo moja, na mimi ndimi niliyelifunga.

Mwaka huo hakuukalia. Alirudi kwenye ule mtihani aliokuwa amenidokeza. Shirika la ISC2, ambalo hutoa vyeti vya taaluma hii duniani, lilikuwa mwaka 2022 limetangaza kutoa mafunzo na mtihani bila malipo kwa watu milioni moja, kwa ajili ya cheti chake cha ngazi ya kuanzia kiitwacho Certified in Cybersecurity. Kwa kawaida mtihani huo ulikuwa dola 199. Haudai uzoefu wa kazi. Wakati huo ulikuwa na maswali 100 ya kuchagua jibu, kwa saa mbili, na alama ya kufaulu ni 700 kati ya 1,000. Cheti kingine kinachojulikana sana, Security+ cha CompTIA, kilikuwa karibu dola 400, ambazo kwetu zilikaribia shilingi milioni moja. Tofauti kati ya bure na milioni moja ndiyo iliyoamua asome kipi kwanza.

Alisoma usiku, kwa bando la usiku, kwa kompyuta mpakato ya kuazima ambayo betri yake haikutunza chaji. Mada zilikuwa tano: misingi ya usalama, kuendeleza shughuli, kukabili matukio na kurejea baada ya majanga, udhibiti wa nani anafikia nini, usalama wa mitandao, na uendeshaji wa usalama wa kila siku. Kila Ijumaa alipita ofisini kunieleza alichosoma, kwa sababu aligundua kuwa asichoweza kunieleza kwa Kiswahili hajakielewa. Nilikubali kwa ajili ya deni langu. Baadaye nikawa nasubiri Ijumaa ifike.

Siku moja alinieleza nguzo tatu ambazo taaluma hiyo imesimama juu yake. Ya kwanza ni usiri: taarifa ionwe na anayestahili kuiona tu. Ya pili ni uadilifu wa taarifa: isibadilishwe wala kughushiwa, ibaki kuwa ya yule inayesemekana ni yake. Ya tatu ni upatikanaji: mwenye haki nayo aipate wakati anapoihitaji. Alikuwa anarudia somo lake tu, hakuwa na nia ya kunisuta. Lakini mimi nilijihesabia. Nilitaka kugawa nywila yangu: nguzo ya kwanza. Nilitaka aandike maneno yake nami niyatie saini kama yangu: ya pili. Nikaleta barua saa tano baada ya mlango kufungwa: ya tatu. Katika wiki chache, msomi mwenye shahada ya uzamivu aliziangusha zote, tena bila mdukuzi yeyote kuhusika.

Hapa ndipo hadithi yangu inapokutana na nchi. Tunapotaja usalama wa mtandao, fikra zetu hukimbilia kwa kijana asiyejulikana aliyejificha gizani ng'ambo. Tukague kwanza ofisi zetu. Ni ofisi ngapi za umma ambazo nywila ya mfumo imebandikwa pembeni ya kioo cha kompyuta? Ni wakubwa wangapi wanaoidhinisha malipo kwa mkono wa katibu muhtasi? Ni nyaraka ngapi za serikali zinazosafiri kwa barua pepe binafsi kwa sababu ile ya ofisi haifunguki? Utafiti wa binti huyu, ule niliousimamia, ulihusu maduka ya steshenari yanayozunguka chuo, ambako vijana hujaziwa maombi ya mkopo wa elimu ya juu. Mhudumu humfungulia mwombaji barua pepe, humchagulia nywila, na huiandika katika daftari la kaunta. Nakala za vitambulisho hubaki mezani. Mhudumu si mwizi. Anatoa huduma ambayo hakuna aliyewafundisha vijana kujihudumia.

Hatukosi sheria. Tuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, binti huyu akiwa katikati ya masomo yake. Ya kwanza inajulikana zaidi mitaani kwa kifungu cha 16, kinachohusu taarifa za uongo, ambacho watetezi wa haki wamekilalamikia tangu mwanzo. Ya pili, inayomlinda mwananchi dhidi ya wanaokusanya taarifa zake, wengi hata hawajaisikia. Raia anaijua sheria inayoweza kumkamata kuliko inayoweza kumlinda. Mpangilio huo wa ujuzi unatueleza jambo kuhusu vipaumbele vyetu.

Nirudi kwenye barua. Tuna neno letu, kimemo: kikaratasi cha mkubwa kinachosema “huyu ni kijana wetu, msaidie”. Wengi wetu tunaandika barua za mapendekezo kwa roho ya kimemo, tukijaza maneno kama mwenye bidii, mwaminifu, mwenye nidhamu, ambayo yanamfaa kila mtu na kwa hiyo hayamtambulishi yeyote. Barua ya kweli ni ushahidi. Inasema mwandishi alimwona mwombaji akifanya nini, lini, na kwa nini jambo hilo lilikuwa gumu. Mwaka 2023 dirisha lilipofunguliwa tena, niliandika yangu kwa usiku mbili. Niliandika kuhusu daftari la kaunta, na jinsi alivyoficha majina ya maduka yote ili asimharibie mtu riziki. Niliandika pia kuhusu karatasi ambayo hakuigusa mezani kwangu. Ilinipa aibu kuliandika hilo, lakini sikuwa na ushahidi mwingine mzito kama huo juu ya tabia yake. Niliipakia siku tisa kabla ya mwisho.

Kabla ya hapo alikuwa ameshaufanya mtihani wake. Hufanyiwa kituoni, si nyumbani, kwa hiyo alipanda basi usiku kwenda Dar es Salaam akiwa na vitambulisho viwili vyenye jina lile lile, herufi kwa herufi, kama walivyoagiza. Alifaulu. Ilibaki ada ya mwaka ya uanachama, dola 50, ambayo ofa ile haikuigusa. Akaniomba nimlipie kwa kadi yangu ya benki, naye ananirudishia kidogo kidogo. Alipofungua ukurasa wa malipo aligeuza uso dirishani, akaniachia kibodi niandike namba mwenyewe.

Kwa wanafunzi wangu mnaosoma haya: andaeni majina yenu kabla ya kuandaa insha zenu, yafanane katika kila hati. Badilisheni saa ya mwisho iwe saa ya hapa, na muitaje kuwa ni ya asubuhi, mchana au usiku. Mwombeni mdhamini wiki sita kabla, mpeni ukurasa mmoja wa mambo mliyofanya mbele ya macho yake, na mkumbusheni bila haya. Anzeni na cheti ambacho hakiwafilisi. Na mhadhiri akiwaambia mjiandikie, mjibuni kwa adabu kwamba mtampatia kumbukumbu, ila maneno yawe yake.

Kwa wenzangu tulioshika funguo, sina ushauri. Nina mfano wangu tu. Siku hizi maombi ya barua nayaandika ukutani, tarehe na saa, kwa kalamu nyekundu, kila anayeingia ayaone. Nywila nimebadilisha.

Binti huyo sasa amepata kazi ya mkataba katika taasisi moja ya fedha, akilinda mifumo ambayo mishahara yetu hupitia. Ameitwa kwenye usaili wa ufadhili, majibu bado. Akipata, ataondoka Septemba, mwaka mmoja baadaye kuliko alivyostahili. Deni la mwaka huo sijalilipa, na sioni njia ya kulilipa kwake yeye. Wiki iliyopita kijana mwingine alibisha hodi, akaomba barua. Nilimwambia aketi, nikachukua kalamu nyekundu, nikamuuliza: saa ngapi, na kwa saa za wapi?