Uzio wetu wa Msata

Tangu lami ilipofika Msata, mahali ambapo barabara itokayo Bagamoyo hukutana na ile ya Chalinze kuelekea Segera, ardhi ya pale imepanda bei. Kilomita 64 ambazo zamani zilikuwa za vumbi kiangazi na tope masika sasa hupitika bila taabu, na kila Jumamosi utawaona watu wa Dar es Salaam wakizunguka na madalali kutafuta viwanja. Nami nilikuwa miongoni mwao.

Tulikuwa sita: wahadhiri wanne na watumishi wawili wa serikali, wote tukikaribia umri wa kustaafu. Tulichangishana fedha, tukanunua ekari tano katika kitongoji kimoja, mbali kidogo na barabara kuu. Azma yetu ilikuwa kujenga nyumba sita ndogo zinazotazamana, ua mmoja, jiko kubwa la pamoja, kisima kirefu na bustani, ili tuzeeke tukitunzana. Mimi nilichaguliwa kuwa mweka hazina. Nilijivuna kwamba tumepata dawa ya upweke wa wastaafu wanaojifungia nyuma ya mageti ya chuma.

Fikra hiyo si ngeni duniani. Huko Denmark, mwaka 1972, familia kadhaa zilihamia Sættedammen, makazi waliyoyabuni wenyewe: kila familia na nyumba yake, lakini ukumbi, chakula cha jioni na malezi ya watoto vikiwa na sehemu ya pamoja. Sisi wa pwani tunaijua zaidi kuliko tunavyokiri. Nyumba ya Kiswahili, yenye vyumba huku na huku na ukumbi katikati, imewalea wapangaji wa makabila mbalimbali kwenye uani mmoja, wakigawana jiko, choo, kamba ya kuanikia nguo na habari za msiba. Hakuna aliyeiita mradi, kwa sababu wenyewe waliiona kuwa ni maisha tu.

Kikao chetu cha tatu kiliamua tuanze na uzio, kwa hoja kwamba vifaa vya ujenzi vingeibwa. Hakuna aliyepinga. Nililipa fundi, nguzo zikasimikwa, waya ukavutwa. Mkataba wetu wa mauziano ulikuwa na saini za mashahidi na ramani iliyochorwa kwa mkono, lakini katika ramani hiyo haikuwemo njia nyembamba iliyokatiza shambani, ambayo kinamama waliipita kwenda kuchota maji na watoto kwenda shule. Niliiona siku ya kwanza tulipokagua shamba. Nilidhani itajifuta yenyewe.

Nilipokwenda kukagua kazi, nilimkuta jirani yetu, bibi mmoja wa Kikwere, ameketi kwenye kisiki karibu na nguzo ya kona.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Ninyi ndio mnaojenga?"

Nikamweleza, kwa fahari, kwamba tunataka kuishi pamoja kama ndugu. Akanisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza, "Pamoja na nani?"

Sikuwa na jibu. Akanieleza taratibu kwamba wajukuu zake sasa wanazunguka kwa kufuata ukingo wa barabara kuu, yanakopita malori ya mizigo na mabasi ya Arusha na Tanga. Hakugombeza. Alisema tu kwamba yeye usingizi haumpati mpaka wamerudi.

Kwa miaka mingi nimefundisha maendeleo ya jamii. Nimewaeleza wanafunzi jinsi vijiji vya ujamaa, vilivyokusudiwa mwaka 1967 kuwa vya hiari, vilivyogeuka kuwa amri ilipotangazwa Novemba 1973 kwamba kila mtu wa shamba ahamie kijijini kabla ya mwisho wa 1976. Nimewasimulia Chama cha Maendeleo cha Ruvuma, ambacho wanavijiji wake walikuwa tayari wanalima na kuamua kwa pamoja, na ambacho hata hivyo kilifutwa mwaka 1969. Somo nililolitoa lilikuwa hili: kuwasogeza watu karibu si kuwaunganisha, na anayepangiwa ujirani na mwingine hautunzi. Kumbe ile ofisi niliyokuwa nikiilaumu darasani, inayochora mistari juu ya njia za watu, nilikuwa nimeifungua mwenyewe Msata, nikiwa na daftari la risiti mkononi.

Upo mfano wa karibu ambao ungetufaa zaidi ya Denmark. Upanuzi wa bandari ulipowaondoa watu Kurasini, wapangaji hawakulipwa fidia waliyolipwa wenye nyumba. Baadhi yao, kupitia vikundi vya kuweka akiba vya Shirikisho la Maskini wa Mijini, waliunda ushirika wa nyumba na kununua ekari 30 Chamazi. Walifyatua matofali wenyewe, wakajenga nyumba zinazoweza kuongezwa chumba kadiri kipato kinavyoruhusu. Matatizo hayakukosekana: Chamazi ni mbali na shughuli zilizowapa riziki, na marejesho ya mikopo yaliwalemea wengi. Lakini nguvu yao ilianza kabla ya tofali la kwanza, katika mazoea ya kukutana na kuhesabiana shilingi. Sisi tulianza na waya.

Nilipeleka suala la njia kwenye kikao chetu. Mjadala ulikuwa mchungu. Mwenzetu mmoja alisema kwamba tulinunua kihalali na kwamba njia isiyoandikwa haipo. Nilimjibu kwamba Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaupa mkutano mkuu wa kijiji sauti katika ugawaji wa ardhi kwa sababu ardhi hubeba haki za wengi, zikiwemo zile ambazo hazikuandikwa. Tulipiga kura: wanne kwa wawili. Njia ikafunguliwa kwa upana wa mita tatu, na tukakubaliana kwamba kisima kikichimbwa, bomba moja litatoka nje ya uzio. Mmoja kati ya wale wawili alijitoa. Bado tunadaiwa sehemu yake, na nyumba mbili kati ya sita hazijapanda juu ya msingi.

Sisemi haya ili nisifiwe. Kisima bado hakijachimbwa, na swali la nani atalipia umeme wa pampu halijapata jibu. Tulipohudhuria mkutano wa kitongoji kwa mara ya kwanza, tuliulizwa kwa nini hatukufika kabla ya kununua, na swali hilo lilikuwa la haki. Ninalosema ni kwamba makazi ya pamoja yanaweza kuwa tawi la maendeleo ya jamii, au yakawa geti jingine la chuma lenye wakazi wanaopendana. Tofauti haionekani kwenye ramani ya msanifu. Huonekana katika nani aliyeitwa kwenye kikao cha kwanza, nani anaruhusiwa kupita, na maji yanaishia wapi.

Kwa ndugu zangu watumishi wa umma wanaotafuta viwanja Msata, Kiwangwa au Lugoba, nawaomba jambo dogo. Kabla ya kumlipa fundi, litembeeni shamba asubuhi na mapema, siku ya shule, mkaangalie nani anapita. Wanafunzi wangu, mkitaka utafiti wenye maana, anzeni hapo.

Juzi nilipokwenda, bibi hakuwepo kwenye kisiki. Niliambiwa amelala.