Longonot: Mlima ulionivua tai

Msomaji mpendwa, umewahi kuamka asubuhi moja mwishoni mwa Agosti, ukafungua dirisha na kugundua kwamba ile baridi iliyokuwa ikikutafuna tangu Juni imelegeza meno? Hakuna aliyekutangazia. Mawingu bado yapo, sweta bado umeivaa, lakini kwa mbali unaona mwangaza ambao jana haukuwapo. Wenzetu wa Ulaya husema majira ya baridi yamekwisha na miti inaanza kuchipua. Sisi hatuna theluji mitaani mwetu, lakini tuna kipupwe, na wakazi wa Nairobi, Limuru na Nyandarua wanajua kwamba kipupwe si mzaha.

Kisa chenyewe ni rahisi kukieleza. Tangu Juni hadi Agosti pepo za kusi huleta hewa baridi yenye unyevu kutoka Bahari Hindi. Mawingu mazito hukusanyika juu ya nyanda zetu za juu na kuliziba jua kwa siku nyingi mfululizo. Lakini ukitelemka Bonde la Ufa, hali huwa nyingine. Mara nyingi mawingu hayo huishia ukingoni mwa bonde, na chini kule jua linawaka. Ndiyo sababu nakushauri kwamba ukitaka kukiaga kipupwe, usikingoje kikuage wewe. Nenda Longonot.

Mimi nilikwenda Jumamosi moja ya Agosti 2025, siku chache kabla ya shule kufunguliwa, nikiandamana na binti yangu kifungua mimba, aliyekuwa kidato cha tatu. Wazo lilikuwa lake. Alikuwa akisoma habari za volkeno katika somo la jiografia, akasema amechoka kuziona kwenye mchoro. "Baba," akaniambia, "Longonot iko hapo tu. Kwa nini tusiende?"

Ningeweza kumwambia kwamba sina pesa. Lakini nisingeweza kusema hivyo bila kueleza kwa nini sina pesa, na hilo nilikuwa nimelificha kwa majuma kumi.

Mapema mwezi wa Juni, kampuni niliyoitumikia kama karani wa hesabu kwa miaka 19 ilinikabidhi barua ya ukurasa mmoja. Ilinishukuru na kunitakia mema. Siku hiyo nilirudi nyumbani Umoja nikala chakula cha jioni, nikauliza habari za watoto, nikalala. Asubuhi iliyofuata nilifunga tai, nikachukua mkoba na kutoka kama kawaida. Vivyo hivyo kesho yake, na mtondo. Nilishinda katika bustani ya Jeevanjee, miongoni mwa wahubiri na wapiga picha, nikisoma kurasa za kazi magazetini hadi saa kumi na moja jioni, kisha nikapanda matatu kurudi nyumbani "nikitoka kazini". Mke wangu hakujua. Nilijiambia kwamba nitamweleza nikishapata kazi nyingine. Basi kipupwe kikaja na kukaa.

Nikamjibu binti yangu, "Haya, twende."

Tuliondoka mjini alfajiri kwa matatu ya kupitia barabara ya chini. Hadi Limuru ukungu ulikuwa mzito hata dereva akawasha taa. Kando ya barabara niliona miti ya muhuti isiyo na jani hata moja, lakini matawi yake yamejaa maua mekundu kama makaa. Mti huo haungoji majani wala jua. Kisha barabara ikaanza kutelemka ukingo wa bonde, tukalipita lile kanisa dogo lililojengwa na mateka wa Kiitaliano mwaka wa 1942, na ghafla tukatoka chini ya mawingu. Abiria mmoja mzee akafungua dirisha, akashusha pumzi na kusema, "Alhamdulillahi, kumbe jua lingali hai!" Matatu nzima ikacheka.

Tulishuka njia panda ya Longonot, tukachukua pikipiki hadi langoni. Hapo ujue jambo moja kabla hujaondoka nyumbani: kiingilio hulipwa kwa simu kupitia eCitizen, si kwa pesa taslimu. Tulimkuta baba mmoja na watoto wanne akihangaika kumtafutia askari noti ambayo askari hakuweza kuipokea.

Mbuga hii ya taifa ilianzishwa mwaka wa 1983. Mlima wenyewe una urefu wa mita 2,776 juu ya usawa wa bahari, na jina lake latokana na neno la Kimaasai, Oloonong'ot, lenye maana ya mlima wa migongo mingi na miinuko mikali. Ukiutazama kwa mbali utaona jinsi mbavu zake zilivyochorwa na mifereji ya mvua kutoka juu hadi chini. Ni volkeno iliyonyamaza, wala haijafa. Inaaminika kwamba ililipuka mara ya mwisho katika miaka ya 1860, na hadi leo mvuke hufuka kwenye kuta za shimo lake.

Kutoka langoni hadi ukingo wa shimo ni kilomita 3.1. Usidanganywe na udogo wa tarakimu hiyo. Njia ni ya majivu ya volkeno, laini kama unga, na kila hatua mbili za mbele waweza kurudi nusu hatua nyuma. Mwanzoni ni tambarare, na tuliwaona pundamilia na twiga wakila bila kutujali. Baadaye mlima unasimama wima mbele yako. Kando ya njia kuna vichaka vya leleshwa vyenye majani ya kijivu. Binti yangu alifikicha jani moja akaninusisha. Linanukia kafuri. Nilikumbuka kabati la marehemu mama yangu, nikanyamaza kwa muda.

Vijana wa chuo walitupita wakiimba, tukawapita wao wamelala chali, wakatupita tena. Mlimani hakuna mkubwa wala mdogo. Aliye na cheo na asiye na cheo wanahema sauti ile ile.

Baada ya saa moja na robo hivi tulifika ukingoni. Msomaji, hapo maneno hupungua. Unategemea kuona shimo la mawe makavu, lakini chini kabisa kuna msitu! Miti imejaa kutoka ukuta hadi ukuta, kana kwamba mtu amemimina rangi ya kijani katika bakuli. Mwezi Machi 2009 moto uliingia mlimani humo na kuteketeza sehemu kubwa ya mimea. Leo usingejua, kama hujaambiwa.

Wageni wengi huishia hapo, wakapiga picha na kurudi. Binti yangu alitaka kuzunguka ukingo wote, kilomita 7.2, kupitia kileleni. Tukaanza. Njia ni nyembamba, inapanda na kushuka kama msumeno. Upande mmoja ni shimo, upande wa pili ni dunia nzima: Ziwa Naivasha liking'aa, mabanda ya maua kandokando yake, mvuke mweupe wa Olkaria ambako umeme umekuwa ukizalishwa kutokana na joto la ardhi tangu 1981, Mlima Suswa upande wa kusini, na safu ya Nyandarua upande wa mashariki, ingali imefunikwa na mawingu ya kipupwe.

Karibu na kilele, pumzi ziliniishia. Nilikaa juu ya jiwe, moyo ukipiga kama ngoma. Binti yangu akanipa maji, akaketi kando yangu. Tulitazama chini kwa muda. Kisha akasema, bila kunitazama:

"Baba, nilikuona Jeevanjee."

Nikauliza, "Lini?"

"Jumanne ya juma lililopita. Mama alinituma mjini kununua kitabu cha fasihi. Ulikuwa umeketi kwenye benchi, mkoba magotini. Nilidhani unamngoja mtu, nami nikangoja. Nilisimama saa nzima. Hakuja mtu."

"Mbona hukuja kunisalimu?"

Alifikiri kidogo. "Ulikuwa umefunga tai, Baba."

Sijui kama umewahi kuvuliwa nguo na mtoto wako mwenyewe, tena kwa heshima kubwa kiasi hicho. Msichana wa miaka 17 alikuwa ameona uongo wangu, akaelewa kwa nini ninauhitaji, akanisaidia kuubeba siku zote hizo. Nilikuwa nikidhani ninawakinga wanangu dhidi ya baridi. Kumbe mmoja wao alikuwa nje pamoja nami, anatetemeka kimya kimya.

Nilimweleza yote: barua, akiba iliyokuwa ikiyeyuka, karo ya muhula wa tatu ambayo sikujua itatoka wapi. Huwezi kusema uongo huku unahema. Kifua hakina nafasi ya vitu viwili. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Mama anajua?"

"La."

Akasimama, akanipa mkono. "Basi tumalize mlima kwanza."

Tukaumaliza. Kileleni tulikula chapati na ndizi bila kusema mengi. Upepo ulikuwa baridi lakini jua lilitupiga mgongoni, nami niligundua kwamba kwa mara ya kwanza tangu Juni sikuwa nikipanga maneno ya kusema nikifika nyumbani. Kuteremka kulikuwa kugumu kuliko kupanda. Magoti yalilalamika, vumbi likaingia viatuni hadi soksi zikabadilika rangi, na mara mbili nilianguka kwa makalio. Binti yangu alicheka hadi machozi yakamtoka, nami nikacheka pia.

Usiku huo nilimweleza mke wangu. Nisikufiche, hakunikumbatia. Alisema, "Tangu Julai viatu vyako vinakuja na vumbi jekundu la bustani. Kule kwenu viwandani ni saruji tupu. Nilidhani una mwanamke." Kisha hakunisemesha kwa siku mbili. Kilichomuudhi si kazi kupotea, bali majuma kumi ya kuamka saa kumi na moja kunipikia chai ya kwenda kuketi kwenye benchi. Siku ya tatu alileta daftari na kalamu mezani, akasema, "Wewe si karani wa hesabu? Tupige hesabu."

Tulipiga. Binti alirudi shuleni na nusu ya karo na barua ya kuomba muda. Mimi nilianza kuwawekea vitabu vya hesabu wenye maduka mtaani kwetu, mmoja, kisha watatu, kisha saba. Mapato hayajafikia mshahara wa zamani, na huenda yasifikie. Lakini sasa nikitoka nyumbani, watu wa nyumbani wanajua niendako. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humfichua. Mimi nilibahatika kufichuliwa na mtoto, mlimani, kabla ya hayo mengine.

Basi msomaji, kipupwe kikikaribia kwisha, mchukue mtoto wako, au mzazi wako, au yule rafiki ambaye siku hizi mnasalimiana tu kwa simu, mwende Longonot. Anzeni mapema ili jua la mchana lisiwakute mkiwa bado mnapanda. Kila mtu abebe maji yasiyopungua lita mbili, kwa sababu juu hakuna mto wala kioski. Vaeni kofia na viatu vinavyoshika ardhi. Msiiache njia, kwani nyati wamo vichakani. Mtoto mdogo akichoka ukingoni, msimlazimishe kuzunguka. Shimo na msitu wake vyatosha kwa siku moja. Na taka zenu mrudi nazo.

Jambo la mwisho. Msiende mkiwa na hotuba. Nendeni mkatembee tu. Mwachieni mwenzenu nafasi ya kusema, na akisema, msimkatize. Baridi haiishi kwa siku moja, na hata mimi asubuhi nyingine bado huitazama ile tai mlangoni na kuona aibu kidogo. Lakini naiacha papo hapo kwenye msumari, navaa sweta langu, nakwenda zangu kazini.