Cheo Kilichogawiwa Mezani pa Nyama Choma

Tangu nistaafu, wasichana wa maduka makubwa hapa Keroka hunipitia jioni kununua mboga za chinsaga na managu, na swali lao ni lile lile: Mama, kazi yote ile uliijua, mbona hukupandishwa cheo? Nimechoka kulijibu kwa kicheko.

Utoto wangu hauna mengi. Nilizaliwa Masaba, kati ya migomba na majani chai. Mama alibeba ndizi hadi soko la Keroka, nami nikajua hesabu kwa kurudisha chenji. Nilimaliza kidato cha nne, karo ya chuo ikakosekana, nikaingia duka la jumla kufagia na kupima sukari. Baadaye duka kubwa lilifunguliwa kando ya barabara ya Kisii kwenda Sotik, nikaajiriwa kupanga bidhaa kwenye rafu. Kampuni siitaji. Ninaowasema wanajijua.

Aliyenifundisha kazi ni mzee wa stoo, tuliyemwita Omogaka. Shule aliiachia darasa la saba, lakini hakuna dereva aliyewahi kumpunja mkate mmoja. Siri yake ilikuwa kuhesabu kabla ya kuona ankara. Gari la mkate likifika alfajiri, dereva hukukabidhi karatasi kwanza, na kreti zimepangwa moja juu ya nyingine hadi kifuani. Ya juu imejaa, ya chini imejaa, pengo liko katikati. Omogaka aliamuru kila kreti ishushwe chini, akahesabu mkate mmoja mmoja, akasoma tarehe, akaandika idadi yake kwenye daftari. Hapo ndipo aliponyoosha mkono kuiomba ankara. Alikuwa akisema ukishaiona tarakimu ya dereva, macho yako yatakutafutia hiyo hiyo. Maziwa nayo, pakiti zinazovuja zilitolewa na kuhesabiwa kando kabla ya sahihi.

Madereva walimchukia na meneja alilalamika kwamba anachelewesha mzigo. Hata leo vijana hubishana nami kwamba siku hizi kuna mashine. Mashine husoma unachoielekezea. Kreti ya katikati usipoishusha, nayo haitaiona.

Omogaka alipostaafu, mimi ndiye niliyeshika daftari. Nilipokea mizigo na kusimamia hesabu ya mali, bila cheo wala nyongeza, nikisubiri nafasi itangazwe. Haikutangazwa. Jumatatu moja, tumepanga mstari kabla ya mlango kufunguliwa, meneja akatujulisha msimamizi mpya wa stoo: keshia kijana, mwenziwe wa nyama choma kila Jumapili jioni. Kisha akanigeukia, “Mama, utamfundisha bosi wako kazi.”

Nilimfundisha. Alisikiliza wiki ya kwanza, kisha akawa anatia sahihi ankara kwenye dirisha la gari, dereva hajazima hata injini. Hesabu ya mali ilipokuja, stoo ilipungukiwa, na makato yakagawanywa kwa idara nzima. Wasiogusa kreti walilipia mikate ambayo haikufika.

Watu wakatafuta maelezo ya karibu kuhusu uteuzi ule. Mmoja akasema ni ukabila. Ukabila gani, ilhali mimi Mgusii, kijana Mgusii, meneja Mgusii? Mwingine akasema ni mambo ya upande, maana mji wetu umekatwa na mpaka wa Kisii na Nyamira, na kaunti hizo mbili zimegombania ushuru wa soko hili. Lakini meneja alikuwa wa upande wangu. Ulikuwa urafiki tu, uliokolezwa mezani usiku, saa ambazo mwanamke mwenye watoto yuko nyumbani anasonga ugali.

Na urafiki ni mjanja. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 5, inakataza ubaguzi katika kuajiri na kupandisha vyeo, na inataja jinsia, kabila, dini, ulemavu, ujauzito na mengineyo. Urafiki haumo. Hata hivyo sheria hiyo hiyo inamtwika mwajiri mzigo wa kuthibitisha kwamba hakubagua, na meza ya nyama ambayo wanawake hawaalikwi ni jambo la jinsia hata ikiitwa urafiki. Mimi niliandika barua kwa makao makuu. Jibu lilinifikia kupitia mkono wa meneja yule yule.

Tumeona maduka makubwa yakianguka Kenya. Nakumatt, iliyotokana na duka la magodoro Nakuru, ilifikia matawi zaidi ya 60, na Januari 2020 wadai wake wakapiga kura ifungwe. Uchumi na Tuskys nazo ziliyumba. Wajuzi hutaja madeni, nami siwapingi. Yangu ni ya stoo tu: hasara ya duka letu iliingilia mlango wa nyuma, na aliyepewa kuulinda hakuchaguliwa kwa sababu ya kulinda.

Basi nyinyi wasichana mnaoniuliza, daini nafasi ibandikwe ukutani, wahojaji watoke tawi jingine, na matokeo ya hesabu ya mali yawekwe mbele yao. Wekeni nakala zenu: tarehe, idadi, sahihi ya dereva. Jiungeni na chama cha wafanyakazi wa biashara na vyakula; barua ya mmoja hurudi kwa meneja, ya chama haipotei njiani kirahisi hivyo. Na nyinyi mameneja, kuleni mbuzi na mnayempenda, hilo ni la mifuko yenu. Stoo si mali yenu. Mkabidhini anayejua kuhesabu.