Majani ya Kupimiwa

Kazi yangu ilikuwa kunywa chai na kuitema. Nikiwaeleza watu hivyo walicheka, na shemeji yangu mmoja hakuwahi kuamini kwamba nilikuwa nalipwa kwa hilo. Lakini mnada wa chai wa Mombasa, uliohamia huko kutoka Nairobi mwaka 1969, hauendi bila waonjaji. Kabla chai haijanadiwa, dalali huionja na kuikadiria bei. Mnunuzi naye huionja kivyake, maana hamwamini dalali, na ana haki.

Utaratibu haubadiliki. Majani hupimwa, kama gramu 2.8 hivi, uzito wa sarafu ya kale ya Kiingereza ya peni sita. Yanatiwa kwenye kikombe chenye kifuniko, yanamiminiwa maji yaliyochemka wakati huo huo, kisha yanaachwa dakika sita. Kikombe kinalazwa juu ya bakuli, chai inachuruzika, na majani yaliyoloa yanageuziwa kifunikoni yatazamwe. Unachota kwa kijiko na kufyonza kwa kishindo ambacho mama yako angekukanya, ili hewa iipandishe harufu hadi puani. Unatema, unahamia bakuli la pili.

Mzee aliyenifunza alikuwa akiziba lebo ya kiwanda kwa kiganja. "Mwanangu, jina halinyweki," alikuwa akisema.

Nilichojifunza mezani pale ni kwamba bei ya chini ina sababu nyingi, na si zote zinazouhusu utamu. Chai yetu karibu yote ni ya CTC, mtambo uliobuniwa Assam mwaka 1930 na William McKercher, unaolisaga jani, kulikata na kuliviringa likawa punje. Punje zikichekechwa hupata madaraja: BP1 ndiyo kubwa, kisha PF1, PD, na D1 iliyo laini kabisa. Jani ni lile lile, limechumwa siku ile ile. Kilichotofautiana ni tundu la chekecheke. Kisha kuna mvua. Ikinyesha sana michai huchipua kwa fujo, viwanda hulemewa, mnada hufurika na bei huanguka. Hapo ladha nayo hupungua kidogo, maana jani linalokua polepole kwa baridi ndilo linalokolea. Lakini bei huanguka kuliko ladha, na hapo ndipo mnywaji mwenye macho hupata faida.

Baada ya kustaafu niliingia duka moja la soko la Marikiti, majani yamejaa guniani, yanauzwa kwa kupimiwa.

"Mzee, hayo ya rahisi ni ya vibandani," kijana akaniambia. "Chukua ya paketi."

"Nipimie robo, mwanangu."

Nyumbani niliyatandaza juu ya karatasi nyeupe. Yalikuwa meusi, laini, na vijiti vyekundu vichache. Vikiwa vingi ujue umeuziwa nyuzi za shina. Niliyapa dakika tatu tu, kwa kuwa punje laini hutoa haraka, na ukizichelewesha zinakuwa chungu. Majani yaliyoloa yaling'aa kama sarafu mpya ya shaba. Yangekuwa meusi yaliyofifia, ningejua yalichacha kupita kiasi kiwandani. Mdomoni ukali ulishika ufizi kisha ukaachia, kama inavyotakiwa. Ukali usioachia ni uchungu. Nilipotia maziwa rangi ikageuka dhahabu, wala haikuwa kijivu. Kasoro ilikuwa moja: harufu ya bizari kwa mbali. Gunia lilikaa jirani na viungo, na chai hunywa harufu yoyote iliyo karibu nayo. Kosa hilo ni la duka, mkulima hahusiki.

Kama ningekuwa bado kazini, ningeiandikia bei nzuri ya wastani.

Basi nawe ukienda dukani, omba uinuse kabla haijafungwa, nunua robo kwanza, na kikombe cha kwanza kinywe kavu, bila sukari wala tangawizi. Ikikupendeza hivyo, rudi ukachukue kilo, uiweke ndani ya kopo lenye kifuniko, mbali na bizari.