Turbo Mbili Zinafanya Nini?

Kwa mwanafunzi wa isimu, neno turbo halisumbui. Ni mkopo, limekaa katika ngeli ya 9 na 10, na umbo lake halibadiliki: turbo inazunguka, turbo zinazunguka. Katika Kiswahili cha Kivu utasikia pia tirbo, kwa kuwa mafundi wengi walilipokea kupitia Kifaransa, na ile irabu ya Kifaransa isiyo i wala u haina nafasi kati ya irabu zetu tano. Asili yake ni Kilatini, ambako lilitaja kisulisuli na pia ile pia ambayo watoto huizungusha kwa kamba. Hadi hapo mambo ni mepesi. Ugumu huanza turbo zinapokuwa mbili, nami nilikutana nao mwaka 2025, kaka yangu aliponiomba nimtafsirie maneno kabla ya kutoa fedha zake za mwisho.

Sisi ni watu wa Walikale, na nyumbani tunasema Kinyanga. Kaka ni dereva wa Fuso. Kwa miaka kadhaa alibeba maharage, viazi na jibini kutoka Masisi hadi Goma. Kazi ya Walikale ilipopatikana, alizunguka kupitia Bukavu na Hombo, akarudi na mawese. Akiba yake aliinunulia Subaru Legacy B4 kuukuu, lile lenye turbo mbili, lililotoka Japani na kupitia Mombasa na Kampala, usukani ukiwa kulia katika nchi inayoendesha upande wa kulia. Turbo moja ilikuwa imekufa. Mpango wake ulikuwa kulifufua kidogo kidogo, liwe gari la spoti ambalo watu wa Goma wangeligeukia.

Januari 2025 Masisi kati, kisha Goma, ziliingia mikononi mwa M23. Mwezi Machi ikawa zamu ya Walikale kati. Benki za Goma zilifunga milango na Fuso ikasimama uani. Kilichobaki kwa kaka kilikuwa fedha taslimu alizokuwa nazo nyumbani na Subaru isiyotembea. Likitembea, lingeweza kuuzwa na kuwa mtaji. Lakini fedha zile zingetosha jaribio moja tu: ama kutafuta turbo ya pili na vipuri vyake vyote na kulirudisha gari jinsi kiwanda kilivyolitengeneza, ama kung'oa zote mbili na kufunga moja.

Kaka alitaka mbili. Fundi wake, mzee mzaliwa wa Masisi anayesema Kihunde na Kinyarwanda kwa wepesi uleule, alitaka moja. Karatasi ambazo zingeamua ugomvi huo zilikuwa za Kiingereza, lugha ambayo hakuna kati yao aliyeisoma. Kaka alizipiga picha, akanitumia kwa WhatsApp pamoja na sauti yake: "Mudogo, unisomee hii. Usiniambie weye unawaza nini. Uniambie paka yenye imeandikwa."

Msingi wa kazi hiyo haukuwa mgumu kueleza. Alfred Büchi, mhandisi wa Uswisi, aliupatia hataza mwaka 1905. Moshi unaotoka kwenye injini kwa nguvu huzungusha gurudumu dogo la mapanga; gurudumu hilo limeshikana kwa shafti na gurudumu la pili, ambalo huvuta hewa safi na kuisukumiza ndani ya injini. Hewa ikizidi, mafuta mengi zaidi yanaweza kuungua, na nguvu inaongezeka. Shafti huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Turbo kubwa hutoa hewa nyingi, ila huchelewa kuamka kwa sababu inangoja moshi wa kutosha. Turbo ndogo huamka mapema, lakini injini ikienda mbio inaishiwa pumzi. Hapo ndipo lilipozaliwa wazo la kuweka mbili.

Neno lililonisimamisha lilikuwa "pacha". Karatasi zile zilizitaja turbo kuwa ni pacha, na tafsiri ya neno kwa neno ingekuwa sahihi lakini isingemsaidia kaka hata kidogo, maana jina hilo hilo hutumika kwa mipango miwili tofauti. Katika Nissan Skyline GT-R ya miaka ya 1990, yenye injini ya silinda sita, turbo mbili zinazolingana hufanya kazi kwa wakati mmoja, kila moja ikilishwa na silinda tatu. Katika Toyota Supra ya mwaka 1993, katika Mazda RX-7 ya wakati huo, na katika Legacy ya kaka, mpango ni mwingine: turbo ya kwanza huanza peke yake injini ikiwa chini, na ya pili huja baadaye mizunguko inapopanda. Kiingereza kinaita yote hayo pacha, kisha kinaongeza kivumishi ambacho msomaji anaweza kukiruka.

Nilitafuta tofauti hiyo mahali ambapo lugha zetu zina utajiri, yaani katika kitenzi. Kwa mpango wa Skyline jibu lilikuja haraka: turbo zinasaidiana. Kiambishi -an- kinabeba mzigo wote. Kila moja inaitendea nyingine, kwa wakati uleule, bila mkubwa wala mdogo. Kwa mpango wa Legacy nilipima vitenzi vitatu. Kufuatana kilikuwa na maana mbili zinazogongana: watoto wawili wanaofuatana sokoni huenda wanatembea bega kwa bega, na huenda mmoja yuko mbele na mwingine nyuma. Kupokezana kilipendeza sana, kwa sababu kinatoka katika pokea, kikapitia pokeza, na mnyambuliko wenyewe unaonyesha mkono unaotoa na mkono unaopokea. Kushirikiana kilikuwa kipana mno.

Nilimtumia kaka vyote vitatu, pamoja na maelezo. Jibu lilitoka kwa fundi, ambaye alikuwa amesikiliza pembeni. Kupokezana alikikataa. Wanaopokezana zamu, alisema, mmoja hulala mwingine anapoamka. Lakini ile ya kwanza hailali, inaendelea kufanya kazi hata ya pili ikishafika. Kisha akatoa maneno yake mwenyewe. Katika Kinyarwanda mapacha huitwa Gakuru na Gato, yule aliyetangulia kuzaliwa na yule aliyemfuata. "Hizi njo Gakuru na Gato," alisema. "Gakuru anaanza kazi. Gato anakuya nyuma, banafanya bote."

Jina hilo lilibeba yale ambayo vitenzi vyangu vitatu vilishindwa kuyabeba pamoja: ni wawili, hawalingani kwa zamu, na wa kwanza haondoki wa pili akija. Tena lilifungua mlango wa swali ambalo karatasi zililigusa kwa sentensi moja tu. Gato anapoamka, anakula nini? Moshi uliokuwa unamlisha Gakuru peke yake sasa unagawanywa. Kwa muda mfupi hakuna anayeshiba. Katika Legacy ya turbo mbili muda huo unaangukia karibu na mizunguko 4,000 hadi 4,500 kwa dakika. Dereva anakanyaga mafuta, gari lilikuwa linavuta vizuri, ghafla linalegea, kisha linaruka mbele. Wanaolijua gari hilo wanaujua ulegevu huo, na wengi wameuzoea.

"Sasa," fundi alimuuliza kaka, "pale kwa mulima ya Sake, wakati ya kugawana chakula utakuwa unafanya nini?"

Kaka hahitaji kuelezwa mlima huo. Kutoka Goma hadi Sake ni kilomita kama 25 za lami, na baada ya hapo barabara ya Masisi inapanda kwa kona na udongo. Goma yenyewe iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, ambako mkandamizo wa hewa ni pungufu kwa takriban asilimia 15 ukilinganisha na Mombasa. Injini isiyo na turbo huhisi upungufu huo moja kwa moja. Injini yenye turbo huweza kuufidia, lakini turbo italazimika kuzunguka kwa kasi zaidi, na ikiwa kubwa itachelewa zaidi kuamka. Hoja hii kwa kweli ilikuwa upande wa kaka: turbo mbili zikiwa nzima, ile ya kwanza huamka mapema, na mlimani mwanzo mwema ni jambo kubwa. Nilimwambia hivyo, kwa sababu ndivyo ilivyoandikwa.

Fundi naye hakuikataa. Alichohesabu ni vitu vinavyoweza kuharibika: turbo mbili badala ya moja, valvu zinazofungua na kufunga njia za moshi na hewa, na msitu wa mipira myembamba ya hewa. Mpira mmoja ukipasuka, Gato haamki kabisa, au anaamka vibaya. Turbo huuawa pia na oili chafu na kwa kuzimwa ghafla injini ikiwa imechemka. Petroli ya kadhafi, kama tunavyowaita Kongo wauzaji wa mafuta wa kando ya barabara, haina cheti. Msukumo mkubwa wa hewa juu ya petroli dhaifu unaweza kutoboa pistoni.

Kaka alikuwa na hoja moja ya mwisho, na ilikuwa ya heshima. Land Cruiser 200 ya dizeli, gari la wakubwa, ina turbo mbili. Je, Toyota hawajui kazi? Nilimsomea yaliyoandikwa. Injini ya gari hilo ni V8 ya lita 4.5 iliyotoka mwaka 2007. Injini hiyo hiyo Toyota waliifunga pia katika Land Cruiser za aina ya 70, zile ngumu za migodini na za safari mbaya, na huko waliipa turbo moja. Na Land Cruiser nyingi za kliniki na mashirika alizokuwa akikutana nazo katika tope la Masisi na Walikale zina injini ya lita 4.2 isiyo na turbo hata moja. Kiwanda ni kimoja, na jibu lilibadilika kulingana na barabara na aliyeketi nyuma ya usukani.

Subaru nao walijijibu wenyewe. Legacy iliyotoka mwaka 2003 iliacha turbo mbili. Ilipewa moja, ambayo moshi huingia ndani yake kwa njia mbili zilizotenganishwa, ili mapigo ya silinda yasivurugane na turbo iamke mapema. Lenye gia za mkono lilitangazwa kuwa na nguvu ya farasi 280, sawasawa na lile la turbo mbili lililotangulia. Sentensi hiyo kaka alinitaka niirudie mara mbili.

Alichagua moja. Si ile ya mwaka 2003, ambayo ingemdai vitu vingi zaidi, bali turbo ya Forester, gari ambalo limejaa Afrika Mashariki na ambalo vipuri vyake hupatikana Kampala. Kazi haikuwa kufungua na kufunga tu: mabomba ya moshi yalipaswa kubadilishwa, na kompyuta ya injini, iliyozoea kuamuru valvu za Gato, ilipaswa kubadilishwa au kupangwa upya. Nguvu ya juu kabisa ingepungua, na kaka alijua. Aliniandikia kwamba gari litakalouzwa ni lile ambalo mnunuzi ataweza kulitengeneza bila kumpigia simu ndugu aliye chuoni.

Ninapoandika haya turbo imefungwa na injini inawaka, kompyuta bado. Kwangu kumebaki faili la istilahi nililoanzisha kwa ajili ya kaka, ambalo sasa nimelileta darasani. Kwa desturi tunapounda istilahi za ufundi tunaanza na nomino: tunatafuta jina la kitu, tunalipa ngeli, tunalipeleka kwenye orodha. Katika faili hili nimepanga kwa vitenzi. Chini ya kusaidiana kuna mpango wa Skyline. Chini ya kutangulia na kuungana, pamoja na majina Gakuru na Gato na maelezo ya yanakotoka, kuna mpango wa Legacy. Chini ya kugawana kuna ule ulegevu wa mizunguko 4,000. Idadi ya turbo imeandikwa mwishoni, kwa tarakimu. Wahadhiri wawili wameniambia kwamba kamusi haipangwi hivyo. Fundi wa Goma, niliyemsomea faili zima kwa simu, aliuliza kama naweza kumtumia nakala ya karatasi, na kama kuna nafasi ya kuongeza maneno ya sanduku la gia.