Bandari Zilipofungwa, 2002

Hadi leo watu huuita ufungaji ule wa bandari mgomo. Mimi nilikuwa karani wa kampuni ya kuhamisha mizigo ya nyumbani pale Oakland, California, na nasema waliofunga bandari ni waajiri. Walidai wafanyakazi wanazorotesha kazi makusudi, wakawafungia nje. Kwa mama anayesubiri kitanda cha mtoto tofauti hiyo haikumsaidia kitu, nami nikachoka kuieleza kwenye simu.

Ilikuwa mwisho wa Septemba. Bandari 29 za pwani ya magharibi ya Marekani, kuanzia San Diego hadi Seattle, zikanyamaza. Kiini cha ugomvi kilikuwa kompyuta: waajiri walitaka mashine zifuatilie makontena, na chama cha wafanyakazi, ILWU, kikashikilia kwamba kazi zitakazotokana na mashine hizo ziwe za wanachama wake. Nami riziki yangu ilikuwa kunakili namba za makontena kwa kalamu, kwa hiyo moyoni nilikuwa upande wao. Bosi sikumwambia.

Familia ninayoikumbuka zaidi ilitoka Yokohama. Mume alihamishiwa San Jose kikazi, na vyombo vyao vyote vilikuwa ndani ya meli iliyotia nanga kwenye ghuba ya San Francisco. Ukipanda vilimani unaiona. Barua ya uhamisho iliwapa hoteli kwa siku 30 na posho ya chakula, basi. Mke alinijia na karatasi za bima akitaka kudai gharama za hoteli zitakazozidi. Nikamsomea: bima inalipa kilichovunjika, kilichoibwa, kilichozama. Kuchelewa hakumo. Akaniuliza iwapo ingekuwa nafuu meli izame. Alikuwa anatania, nadhani.

Waliokuwa wanaondoka nao walikwama kwetu. Mhandisi mmoja aliyepelekwa Singapore alikwisha kuuza nyumba, mizigo yake imerundikwa ghalani, na mwajiri wake akibishana nasi nani alipe ghala.

Tarehe 8 Oktoba Rais Bush alitumia mamlaka ya dharura aliyopewa na sheria ya kazi ya Taft-Hartley ya mwaka 1947, ambayo hayakuwa yametumika tangu enzi ya Rais Carter, na jaji wa San Francisco akaamuru milango ifunguliwe. Kesho yake jioni kazi ikaanza. Tukashangilia ofisini, kumbe foleni yenyewe ndiyo kwanza inaanza. Meli zilijaa, matela ya kubebea makontena hayatoshi, na kila mwenye sauti anapiga kelele. Kiwanda cha magari cha NUMMI, Fremont, kilikuwa kimesimama kwa kukosa vipuri. Maduka yalitaka bidhaa za Krismasi. Sufuria na albamu za harusi zilikuwa na nani wa kuzipigania? Karani mmoja mwenye simu, naye anaambiwa asubiri. Kontena likishushwa, lilifukiwa chini ya mengine, na wateja wengine wakaletewa ankara ya kukaa uwanjani siku ambazo wasingeweza kulitoa hata wangetaka.

Mizigo ya Yokohama ilipotoka, familia ilikwisha kununua vitanda vipya. Tukawapelekea vya zamani, wakakosa pa kuviweka.

Mwaka uliofuata, baadhi ya barua za uhamisho zilizopita mezani kwangu ziliruhusu mfanyakazi asafirishe masanduku machache kwa ndege. Hoteli ilibaki siku 30.